Ugomvi wa Fremu Mbili

Nyumbani kwangu kuna namba mbili ambazo hata mke wangu, asiyejua gemu inashikwaje, anaweza kuzitaja usingizini: 12.15 na 10.28. Si bei ya kitu wala matokeo ya mtihani. Ni teraflopu. Ya kwanza ni ya Xbox Series X, mali ya shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, aliyeshuka nayo kutoka Muscat ikiwa imeviringishwa kwenye blanketi ndani ya begi la mkononi. Ya pili ni ya PlayStation 5, mali ya mpwa wangu, mtoto wa dada, aliyejichanga kidogo kidogo hadi akaipata Kariakoo. Wote wawili wanaishi kwangu. Mashine ni mbili, televisheni ni moja na ni yangu, na Luku pia ni yangu. Kwenye hilo la Luku sijawahi kupata mpinzani.

Jirani akisikia kelele hudhani wanacheza. Laiti wangekuwa wanacheza! Gemu inawashwa, mhusika anatembezwa hadi ukutani, anasimamishwa, halafu watu wazima wawili wanainuka kwenye kochi na kusogea hadi pua karibu ziguse kioo, wakikagua tofali. Naam, tofali. "Anko, njoo uone, tofali lake limefifia." Shemeji anajibu kwamba lililofifia ni la mwenzake, tena kivuli chake kinatetemeka. Mashine inazimwa, waya unachomolewa, ya pili inawashwa, mhusika yuleyule anapelekwa kwenye ukuta uleule. Gemu yenyewe imenunuliwa mara mbili ili ukuta mmoja ukaguliwe mara mbili. Anayesubiri taarifa ya habari atajijua mwenyewe.

Sasa kwa kuwa mimi nimelazimishwa kusikiliza, na wewe msomaji sikiliza kidogo, tugawane mzigo.

Teraflopu moja ni hesabu trilioni moja kwa sekunde. Ukiisikia hivyo unaweza kudhani kuna mtu alikaa na saa mkononi akaipima mashine ikitoka jasho. Hakuna. Namba ile hupatikana kwa kuzidisha tu: idadi ya vitengo vya kuchora picha, mara kazi ambazo kila kitengo kinaweza kufanya kwa mpigo mmoja, mara kasi ya mapigo. Mashine ya shemeji ina vitengo 52 vinavyokwenda gigahezi 1.825. Ya mpwa ina 36, lakini vinaweza kukimbia hadi gigahezi 2.23. Chukua wapishi 52 wa shughuli wenye mwendo wa kawaida, uwaweke mkabala na wapishi 36 wenye haraka zao. Kwenye karatasi, wale 52 wanatoa pilau nyingi zaidi. Ila aliyewahi kukaa kwenye turubai akisubiri sahani anajua kwamba chakula huchelewa kwa sababu nyingine kabisa: mchele haujashushwa, mwiko mmoja unagombewa na watatu, na mwenye ufunguo wa stoo kaenda kuoga.

Kwenye mashine hizi, stoo ni kumbukumbu na diski. Zote mbili zina gigabaiti 16 za kumbukumbu. Ya shemeji imeigawa: gigabaiti 10 zina njia pana ya gigabaiti 560 kwa sekunde, na 6 zilizobaki zina njia ya 336. Ya mpwa inatumia njia moja ya 448 kwa zote. Kwenye diski mambo yanageuka: ya mpwa inasoma gigabaiti 5.5 kwa sekunde kabla data haijabanwa, ya shemeji 2.4. Kwa hiyo kila mmoja ana namba yake ya kujigamba, na kila mmoja ana namba ambayo ikitajwa anaanza kutafuta rimoti.

Kichekesho ni kwamba ukizifungua, prosesa zote mbili zimebuniwa na kampuni moja, AMD. Ubongo ni wa aina moja, Zen 2 yenye viini vinane, na upande wa picha ni ukoo mmoja wa RDNA 2. Hawa ni ndugu wa baba mmoja waliovalishwa kanzu tofauti, mmoja nyeupe, mwingine nyeusi. Nilimweleza shemeji hivyo, akaniangalia kwa huruma ileile wanayoangaliwa wazee wanaouliza kama WhatsApp inatumia betri.

Tena ushahidi wa kwamba karatasi si uwanja ulitoka mapema. Novemba 2020, mashine zote mbili zikiwa ndio kwanza zimetoka, wapimaji wa Digital Foundry, wale Waingereza ambao kazi yao ni kuhesabu fremu, waliipima Assassin's Creed Valhalla. Mashine ya teraflopu 12 ndiyo iliyokuwa inachanika picha na kushuka fremu, huku ile ya 10 ikitembea imetulia zaidi. Baadaye gemu ilirekebishwa, na tangu hapo matokeo yamekuwa ya kubadilishana: leo hii inaongoza kidogo, kesho ile. Mpwa wangu anaijua habari ya Novemba peke yake. Shemeji anazijua za miezi iliyofuata peke yake. Kalenda zao hazijawahi kukutana.

Basi tuje kwenye fremu zenyewe, maana hapa kuna jambo la kweli na sitaki kulibeza lote. Picha inayotembea ni picha zilizosimama zinazopishana haraka. Sinema zimeridhika na 24 kwa sekunde tangu zilipoanza kuongea, na hakuna aliyetoka ukumbini kudai kiingilio chake. Lakini sinema huishiki. Gemu unaishika. Ikiwa ni fremu 30 kwa sekunde, kila picha inakaa milisekunde 33.3 kabla ya inayofuata. Zikiwa 60, inakaa 16.7. Umepunguza sehemu ya subira kati ya kidole kubonyeza na macho kuona, na hilo hata mimi nimelihisi siku nilipopewa pedi ili ninyamaze. Ukitoka 60 kwenda 120 unaokoa milisekunde 8.3 tu. Bado ni kitu, ila faida inazidi kusinyaa huku bei ikinenepa.

Sasa shika kalamu. Ugomvi mkubwa uliowahi kutokea sebuleni kwangu, ule uliofanya mke wangu achukue rimoti na kulala nayo, ulikuwa wa fremu 58 dhidi ya 60. Milisekunde 17.2 dhidi ya 16.7. Nusu ya milisekunde! Kwa uaminifu niseme kwamba kwenye kioo cha hezi 60, fremu mbili zikikosekana ndani ya sekunde, picha mbili hujirudia, na mwenye jicho la kunguru anaweza kuona kigugumizi kidogo. Sawa. Lakini hawa wawili hawakukiona kwa jicho. Walikisoma kwenye grafu.

Na grafu hiyo walikuwa wanaitazama wapi? Kwenye simu. Video ya kulinganisha, kioo kimegawanywa katikati, mashine hii kushoto na ile kulia, mstari mwekundu na mstari wa bluu inapanda na kushuka huku mtu anaongea kwa sauti ya kutangaza msiba. Kwa kuwa bando lilikuwa linaelekea kuisha, mpwa alikuwa ameishusha video hadi pikseli 360. YouTube huonyesha fremu 60 kuanzia ubora wa 720 kwenda juu. Chini ya hapo, video hiyohiyo inakuja na 30. Kwa maneno mengine, vijana wangu walikuwa wanabishana kuhusu 58 na 60 wakiwa wanatazama 30 kwa 30, kwenye kioo cha ukubwa wa kiganja chenye ufa uliotoka kona hadi kona. Nilipowaambia, wakasema Anko haelewi mambo ya kiteknolojia.

Televisheni yangu nayo imeburutwa kwenye kesi bila kosa. Kwenye kasha iliandikwa 120 kwa herufi kubwa za dhahabu, na pembeni yake maneno madogo yenye maana kwamba 120 hiyo ni hesabu ya mtengenezaji mwenyewe, ya ujanja wa kulainisha picha. Kioo ni cha hezi 60. Yaani mashine itoe fremu 120, itoe 500, itoe hadi iungue, mimi nitaonyeshwa 60. Tena ilikuwa haijawekwa kwenye hali ya gemu. Televisheni nyingi, zikiwa kwenye hali ya kawaida, huipiga picha pasi kwanza kabla ya kuitoa, na pasi hiyo peke yake inaweza kuchelewesha picha kuliko fremu kadhaa zikiwekwa pamoja. Watu wamekaa mwezi mzima wakilaumiana mashine, kumbe swichi iko kwenye menyu ya tatu ya rimoti. Niliibonyeza mimi. Hakuna aliyeshukuru.

Ugonjwa huu wa namba si wa jana. Waliokua miaka ya tisini wanazikumbuka zile mashine za kuiga Nintendo, zenye kanda za plastiki ya njano zilizoandikwa "michezo 9999 ndani ya mmoja". Ukichomeka unakuta michezo haifiki hata hamsini; iliyobaki ni ileile, umebadilishiwa hatua ya kuanzia au rangi ya suruali. Huko Marekani nako hawakuwa na nafuu. Mwaka 1993 Atari ilitoa Jaguar ikitangazwa kwa biti 64, wakati washindani wakubwa walikuwa na 16, na matangazo yakawaambia wanunuzi wapige hesabu wenyewe. Wanunuzi wakapiga hesabu, wakabaki na fedha zao. Jaguar haikuuza hata nusu milioni, na kufikia 1996 hadithi yake ilikuwa imekwisha.

Na enzi hizo, sisi wa mfumo wa PAL tulikuwa tunapunjwa fremu kweli, tena bila kujua. Televisheni za Marekani na Japani zilikwenda hezi 60, zetu na za Ulaya 50. Gemu nyingi hazikurekebishwa, kwa hiyo Sonic aliyesifiwa dunia nzima kwa mbio alikuwa akitua kwenye PAL anapungua kasi kwa karibu asilimia 17, na muziki wake unaburuzika naye. Kuna kizazi kizima kilichomjua Sonic mchovu, na kikampenda vilevile. Hakuna aliyekagua tofali.

Lakini kinachonikera zaidi ni jinsi hoja zinavyohama kambi. Mwaka 2013 PlayStation 4 ilitoka na teraflopu 1.84, Xbox One na 1.31. Call of Duty: Ghosts ikawa na pikseli 1080 upande mmoja na 720 upande wa pili, tofauti ambayo hata bibi angeiona bila miwani. Wapenzi wa PlayStation wakasema namba ndiyo kila kitu. Wa Xbox wakasema jamani, cha msingi ni gemu nzuri. Mwaka 2017 ikaja Xbox One X na teraflopu 6, dhidi ya 4.2 za PS4 Pro. Siku hiyohiyo wa Xbox wakagundua kwamba namba ndiyo kila kitu, na wa PlayStation wakagundua umuhimu wa gemu nzuri. Mwaka 2020 shemeji alikuwa mtu wa namba. Tarehe 7 Novemba 2024 ilipotoka PS5 Pro yenye teraflopu 16.7, kijana wangu wa dada, aliyekuwa ameapa kwamba teraflopu ni propaganda, aliamka mtu wa namba, na shemeji tukamkuta barazani anazungumzia gemu nzuri. Ningekuwa na ukumbi ningewakodisha.

Na soko, ambalo haliangalii grafu, limekuwa na tabia ya kuwaaibisha wote. PlayStation 2 ilikuwa dhaifu kuliko Xbox ya kwanza na GameCube, lakini iliuza zaidi ya milioni 150 huku Xbox ikiishia kwenye milioni 24 na GameCube karibu 22. Kizazi kilichofuata, Wii ilikuwa kichekesho cha wenye namba, haikuwa na picha za HD kabisa, na bado ikapita milioni 100 na kuwaacha PlayStation 3 na Xbox 360 nyuma. Kisha Nintendo Switch ya 2017, yenye nguvu ambazo mpwa wangu angezitajia kejeli, Zelda yake kubwa ikienda fremu 30, nayo ikavuka milioni 150. Sisemi kwamba udhaifu ndio siri. Jaguar nayo ilikuwa na shida zake, na Wii U ilikuwa dhaifu ikazama vilevile. Nasema tu kwamba mnunuzi, akishika fedha yake, huuliza kuna nini cha kucheza na jirani ana nini.

Haki ya wapimaji lazima niitoe, wasije wakaniita mpinga maendeleo. Desemba 2020 Cyberpunk 2077 ilitoka, na wenye PS4 na Xbox One za kawaida wakauziwa kitu kilichokuwa kinashuka chini ya fremu 20, kinazima, kinasahau kuchora nyuso za watu. Sony iliiondoa dukani kwake wiki moja tu baada ya kutoka, ikaahidi kurudisha fedha, na gemu haikurudi hadi Juni 2021. Hapo namba ilikuwa silaha ya mnyonge. Mtu aliyepima akawaonyesha watu kwamba macho yao hayakuwa yanawadanganya, wakadai chao. Upimaji wa aina hiyo nauheshimu na ningeulipia hata bando. Wa tofali, hapana.

Halafu kuna hili ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Baada ya makelele yote hayo, wakikagua wakachoka, hawa watu wawili wanacheza nini? Mpira. Kila siku mpira. Ile iliyoitwa FIFA hadi 2023, sasa EA Sports FC. Na mpira huo, uwe kwenye mashine nyeupe au nyeusi, uwanjani unakwenda fremu 60 pande zote mbili. Hata kwenye PS4 ulikuwa unakwenda 60. Teraflopu mbili za ziada za shemeji ziko pale zimekaa benchi na jezi safi.

Mtaa wa pili kuna kibanda cha gemu. Mabati, kochi lililotoa sponji, mashine za kizazi cha nyuma zilizofunikwa na vitambaa vya mama mwenye nyumba, feni moja inayopuliza mashine badala ya watu. Mle watoto wanalipa kwa mechi, aliyefungwa anatoka, anayefuata anakaa. Pedi zina vijiti vilivyolegea, ukiachia vidole mchezaji wako anatembea mwenyewe kuelekea kona. Nimesimama mle mara nyingi nikimfuata mtu aliyetumwa chumvi. Nimesikia wakibishana kuhusu penalti, kuhusu zamu, kuhusu aliyechomoa waya kwa mguu akiwa amefungwa tatu bila. Kuhusu fremu, sijasikia.

Mpwa sasa ameanza kunitajia PS5 Pro kwa sauti ya upole, ile ya mtu anayetaka kukopa. Ilizinduliwa kwa dola 700 kasoro senti moja, bila hata sehemu ya kuwekea diski. Hiyo unanunua pembeni. "Mjomba, fikiria tu, itafunga huu mjadala." Mjadala haufungwi na mashine ya tatu, mwanangu. Nimemwambia mashine nzito kuliko ile iliyopo haitaingia mlango huu hadi televisheni ya hezi 120 itangulie, na televisheni ya hezi 120 haitaingia hadi paa la jikoni limalizike kuezekwa. Shemeji aliposikia akacheka. Nikamkumbusha kwamba mashine yake, ikiwa kwenye gemu nzito, inaweza kuvuta karibu wati 200, televisheni haijahesabiwa, na kwamba tangu arudi kutoka Muscat hajawahi kuniuliza namba ya mita. Akaacha kucheka.

Wewe unayejiandaa kununua, sikia ushauri wa mtu aliyekwishachoshwa. Kabla hujauliza teraflopu, hakikisha kioo cha televisheni yako ni cha hezi ngapi hasa. Uliza rafiki zako wanacheza kwenye mashine gani, ili uwe na wa kucheza naye. Weka hali ya gemu kwenye rimoti, ni bure. Na kama nyumbani mko wawili mnaobishana, nunueni pedi ya pili kabla ya mashine ya pili. Ni nafuu sana, na mnaweza kuitumia kwa wakati mmoja.